Sarafu Nyuma ya Raba

Niliposhuka kutoka Arrate Jumanne ile
sirimiri ilikuwa inanyesha, mvua isiyo na sauti,
inayokulowesha kabla hujakubali kuwa ni mvua.
Nilibana breki kwa vidole vinne, kila mkono.
Baiskeli ikasikia,
ikatafakari,
ikaendelea.

Kona ya tatu niliikata kwa kisigino.
Soli ilinuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.
Mbwa wa Agurne, aliyelala katikati ya barabara,
alinitazama kama mtu asomaye tanzia,
kisha akanipisha, kwa adabu.

Ndiyo maana nimekuja, nikamwambia Xanti. Nataka diski.
Jirani yangu anazo: anagusa kwa kidole kimoja tu
na gurudumu linasimama kama limeitwa jina.

Xanti hakuinua kichwa.
Karakana yake iko chini ya ghorofa saba, kando ya mto Ego,
chumba ambamo babu yake alikuwa akitoboa mitutu ya bunduki
kabla ya mji wetu kugeukia baiskeli.
Mashine moja ya mitutu bado ipo. Anaitundikia koti.

"Diski," akasema, kana kwamba anataja mkwe asiyempenda.
"Uma wako hauna mahali pa kuishika. Basi uma mpya.
Kitovu hakina matundu yake. Basi gurudumu jipya.
Na nyuma? Fremu hii ya shangazi yako
ni chuma chembamba kama kalamu;
nikiichomelea sikio, sitalala usiku ukiwa mlimani.
Utabaki na nini? Kengele.
Nitakuwa nimekuuzia baiskeli nzima
ili uwe na pa kuifunga kengele."

Kipya kinyemi, nilijua, ingawa kidonda.
Lakini kisigino changu kilikuwa bado cha moto.

Akazing'oa raba, akanitilia kiganjani.
Ngumu, nyeusi, zinang'aa kama kokwa za zeituni,
na ndani yake chembe za alumini zikimetameta.
"Hiyo ni rimu yako. Raba zimekuwa zikiila tangu mwaka juzi."
Akauvuta waya kutoka kwenye ala yake:
kutu, na nyuzi tatu zimekatika.
"Nguvu zako zilikuwa zinaishia humu,
kama barua inayopitia mikononi mwa mashemeji."

Nikamwambia shangazi Maddalen hakuwahi kulalamika.
Alishuka mlima ule ule miaka ishirini, na chupa za maziwa.
Xanti akacheka, akanionyesha mikono yake mwenyewe, akaikunja.
"Shangazi yako alikamua ng'ombe sita kila alfajiri.
Angeweza kusimamisha treni kwa waya huu."

Akafuta rimu kwa spiriti. Kitambaa kikatoka cheusi.
Cha pili, kijivu. Cha tatu akanipa mimi nifute.
Msasa kidogo, waya mpya, raba mpya, laini kama ufizi.
Kabla ya kukaza akaniomba senti tano,
akaichomeka nyuma ya raba
ili ncha ya mbele iiguse rimu kwanza.
"Bila hivyo italia. Mlima mzima utajua unashuka."

Kisha akalaza rula juu ya rimu,
akainamisha taa.
Chini ya rula ukapita uzi wa mwanga.
Hakusema kitu kwa muda.
"Majira mawili ya baridi. Labda matatu, ukiifuta.
Siku ukucha utakapopita hapo, rudi,
tutazungumza habari za jirani yako."

Nililipa euro ishirini na sita.
Senti tano hakunirudishia, nami sikuidai.

Nikapanda tena mpaka juu, nikihema, sirimiri ile ile.
Nikageuka.
Kona ya tatu nikabana, vidole viwili.
Baiskeli ikasikia.

Mbwa wa Agurne hakupisha; hakuwa na sababu.
Tukatazamana pale, mvua ikitulowesha sote wawili,
na mguu wangu ukining'inia hewani,
haujui ufanye nini na kisigino chake.